Siku Waziri Alipovaa Aproni

Nchi yetu haina tatizo lolote. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili msomaji mwenye haraka akiishia hapa awe ameshapata lililo muhimu, aende zake kwa amani. Aliyebaki basi ana muda, na mtu mwenye muda nchi hii huwa anaangaliwa kwa jicho la pembeni, lakini karibu, vuta kiti.

Mimi naitwa Feruzi, mhudumu wa Hoteli Tulizo, iliyo mkabala na Wizara ya Maswali na Utulivu. Ninaposema hoteli usifikirie vitanda na mazulia. Ni ukumbi wa meza za plastiki, sinki la kunawia mikono, picha ya Mkuu wa Nchi akila muwa, na huko nyuma jiko la Bi. Saumu, mwenye hoteli. Nimebeba sahani humo tangu nikiwa na nywele. Miguu imevimba, mgongo unauma, lakini hayo si kitu. Kilichonimaliza mimi ni maswali ya wateja.

Zamani watu wa hapa walikuwa wanauliza ovyo. Wanauliza benki, wanauliza hospitali, wanauliza barabarani wakiliona shimo. Mwingine anakwenda mkutano wa hadhara na swali lake, anamvumilia kiongozi mpaka amalize kuwashukuru wote anaotaka kuwashukuru, halafu analitoa. Mkuu wa Nchi akawa anaumwa kichwa. Madaktari walimpima, wakasema kichwa chenyewe ni kizima, ila kinaulizwa sana.

Ikatakiwa dawa. Shida ni kwamba Katiba yetu, ambayo ni nzuri na ina jalada gumu, inasema wazi kila raia ana haki ya kuuliza. Na serikali yetu haivunji Katiba. Ikaitwa kamati ya wanasheria, wakajifungia, wakala, wakatoka na ugunduzi. Katiba imesema raia aulize, lakini haikusema aulizie wapi. Basi ikapitishwa sheria kwamba haki ya kuuliza itatekelezwa hotelini tu, na mtu aliyekwisha kuagiza chakula.

Mheshimiwa Profesa Kipukuswa, Waziri wa Maswali na Utulivu, alitufafanulia redioni. "Ndugu wananchi," alisema, "swali la mtu mwenye njaa ni uchochezi. Swali la mtu anayekula ni mazungumzo. Serikali yenu haiogopi maswali. Inachotaka ni kwamba yaulizwe na mtu aliyeketi, mwenye kijiko mkononi, na yajibiwe na mtu aliyesimama." Tulipiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika trei, kwa hiyo niliipiga trei.

Kanuni zenyewe si ngumu. Aliyeagiza anauliza chochote. Aliyevaa aproni lazima ajibu, kwa ukweli, bila kucheka na bila kununa. Aliyevaa aproni haruhusiwi kuuliza swali isipokuwa "Utakula nini?", ambalo lilipata kibali maalumu baada ya Bi. Saumu na wenzake kueleza kwamba bila hilo biashara haiendi. Na aproni haivuliwi swali likiwa mezani. Kila hoteli ikapewa Mkaguzi wake. Wa kwetu ni Bwana Mwinshehe, anakaa karibu na sinki toka tunafungua mpaka tunafunga, suti ya kijivu, filimbi shingoni. Akisikia swali limepita bila jibu, anapuliza.

Mtaani ilituchukua muda kuzoea, kwa sababu salamu zetu zote, ukizichunguza, ni maswali. Habari gani, umeamkaje, watoto hawajambo, mtu unaweza kujikuta umefanya makosa matatu kabla hujafika dukani. Siku hizi tunasema, "Naona umeamka," na mwenzako anajibu, "Nimeamka." Shikamoo haina swali ndani yake, basi ndiyo iliyoshika soko. Utakuta vijana wa rika moja wamekutana kona wanapeana shikamoo, na wote wawili wanaitikia marahaba.

*

Mwanzoni wateja waliuliza mambo ya maana. "Mhudumu, bei ya unga itashuka lini?" Sijui. "Barabara ya kwetu imejengwa, au imetangazwa tu?" Sijui. "Mishahara ya walimu imekwama wapi?" Sijui, mzee, pole sana, na mchuzi wako unapoa. Nilikuwa nasema kweli tupu, maana mambo hayo hayapiti jikoni kwetu.

Watu wakachoka kusikia sijui. Lakini haki ni haki, mtu hawezi kurudi nayo nyumbani haijatumika. Wakaanza kuuliza vitu ambavyo mhudumu atavijua, na hapo ndipo yaliponianza mateso.

"Wali wenu una mchele?"

"Una, bwana."

"Wote?"

"Wote."

Mwingine alitaka kujua kama chapati ina upande wa pili. Nikaigeuza, akauona, akashukuru, akaniomba niigeuze tena ahakikishe ule wa kwanza bado upo. Mama mmoja wa heshima zake aliagiza nusu kuku, akaniuliza kama ile nusu nyingine imeshaambiwa. Bwana mmoja aliyekuwa ndani, amekaa, mdomo umejaa maharage, aliniuliza, "Leo mmefungua?" Nikamjibu tumefungua. "Basi nitapita baadaye," akasema, akaendelea kula.

Waliozidi ni wale wa ng'ambo ya barabara, maofisa wa Wizara. Wao wamesoma. Mmoja alikuja na tai ndefu, akautazama mchuzi, akauliza, "Huu mchuzi, ukiacha hayo majimaji yake, una msimamo gani?" Nikamjibu msimamo wa mchuzi ni ule wa serikali. Aliridhika kabisa, akaomba na limau.

Jamani, kuna siku nilitaka kummwagia mtu supu. Nilikuwa nimeambiwa nieleze tofauti ya uma na kijiko kwa mtu aliyekuwa amevishika vyote viwili. Nikaingia jikoni nahema, nikasema leo naacha kazi, nakwenda kuchimba mitaro, mitaro haiulizi.

Bi. Saumu alikuwa anakoroga maharage. Hakugeuka. "Feruzi baba, jibu tu," akaniambia. "Wakikosa pa kuulizia hapa watakwenda kuulizia barabarani, wachukuliwe. Mmoja ameshatutosha."

Nikarudi nikamweleza yule bwana habari za uma. Ndani ya ukumbi, mwenzangu Mashavu alikuwa anafuta meza, na nilijua Bi. Saumu alikuwa anamsema nani.

*

Mashavu ndiye tuliyekuwa tunagawana naye meza. Msichana mkimya, mchapakazi, mbeba sahani nne kwa mkono mmoja. Kaka yake anaitwa Shomari, fundi wa baiskeli. Huyo Shomari alimpeleka mama yao hospitali, wakakaa kwenye benchi toka asubuhi, dirisha la dawa likafunguliwa, wakaambiwa dawa hakuna, likafungwa. Shomari akasema kwa sauti, mbele za watu, "Sasa dawa zimekwenda wapi?"

Swali lenyewe la kawaida. Ila aliliuliza akiwa kwenye benchi, hajaagiza kitu. Wakili wake alijitahidi, akaieleza mahakama kwamba mteja wake alikuwa na karanga mfukoni, hivyo huenda alikuwa anakula. Hakimu akasema karanga alikuja nazo kutoka kwao. Akachukuliwa. Taarifa ya Wizara ilisema ndugu Shomari amepelekwa mahali pa kupumzika, na ikawashauri ndugu zake nao wapumzike.

Mahali hapo ni wapi, ndicho alichokuwa anakitafuta Mashavu. Kituo cha polisi hakiuzi chakula, kwa hiyo hakiulizwi. Wizarani vilevile. Basi kila siku yake ya mapumziko alivaa gauni lake la maua, akaenda hoteli moja baada ya nyingine, akaagiza chai, akauliza, "Kaka yangu Shomari, fundi wa baiskeli, yuko wapi?" Na wahudumu, kwa mujibu wa kanuni, walimjibu ukweli wote. Hawajui. Wengine walimwongezea sukari. Alizunguka mji mzima hivyo. Waliokuwa wanajua hawakubeba sahani, na waliobeba sahani hawakujua.

Akirudi kazini siwezi kumuuliza amefikia wapi, maana nimevaa aproni. Namwambia tu, "Naona umerudi." Ananijibu, "Nimerudi, kaka Feruzi." Aliwahi kunisimulia, tukiwa tunamenya viazi, kwamba mama yao kila anapopakua ugali anasema kwa sauti ya kawaida tu, "Nadhani Shomari amekula." Na yeye anamwitikia, "Nadhani, mama." Nilipata uchungu sana siku ile. Nilimenya kiazi mpaka kikaisha mkononi.

*

Sasa, kuna wageni wa nje ambao kazi yao ni kuzunguka duniani wakipima uhuru wa watu. Walipotangaza kwamba wanakuja kuupima wa kwetu, serikali ilifurahi, ikaanzisha Siku ya Kiongozi Mhudumu. Viongozi watavaa aproni na kuwahudumia wananchi, na redio itarusha moja kwa moja. Mheshimiwa Kipukuswa akachagua hoteli yetu kwa sababu iko karibu, hatapata vumbi.

Maandalizi yalikuwa makubwa. Picha ya Mkuu wa Nchi ilipanguswa, na ule muwa ukang'aa. Wateja walichaguliwa na Wizara, wakafundishwa maswali yao: mzee mmoja aulize siri ya wali kuwa mtamu, mama mmoja aulize kama Mheshimiwa hachoki kulitumikia taifa. Waliokohoa kwenye mazoezi waliondolewa. Ofisa wa itifaki akaleta aproni ya hariri iliyoshonwa maalumu, lakini Waziri akaikataa.

"Nataka ileile ya mhudumu," alisema. "Yenye mchuzi. Wananchi wauone mchuzi."

Basi akavuliwa Mashavu, akavishwa Waziri. Kamba hazikukutana mgongoni, ikabidi iongezwe kamba ya katani. Mashavu akaambiwa leo ni mapumziko kwake, kwa hisani ya Wizara.

"Nenda nyumbani mwanangu, ukapumzike na mama," Bi. Saumu akamwambia.

"Nitapumzikia hapa, Bi. Saumu," akasema Mashavu. Akavuta kiti kwenye meza ya katikati, akaketi. "Naagiza chai."

Bi. Saumu alimtazama. Mwanamke yule hana shamba, hana mume, ana hoteli, na hoteli inatazamana na Wizara mlango kwa mlango. Nilijua atamkatalia, na nisingemlaumu. Akaingia jikoni, akakaa kidogo, akatoka na kikombe kikubwa, kile cha wageni. Akakiweka kwenye trei ya Waziri kwa mkono wake. "Meza ya katikati, Mheshimiwa," akamwambia. Mimi nikaegemea sinki, Bwana Mwinshehe akanisogezea kiti.

Waziri alikwenda na trei yake, kipaza sauti cha redio nyuma, wageni wa nje pembeni wanatabasamu. "Karibu sana, mwananchi," akasema. "Chai hii ni ishara kwamba uongozi ni utumishi, utumishi ni unyenyekevu, na unyenyekevu, ndugu wananchi, ni maendeleo."

"Asante, Mheshimiwa," akasema Mashavu. "Kaka yangu Shomari, fundi wa baiskeli, yuko wapi?"

Nchi nzima ilikuwa inasikiliza, kwa sababu siku ile kusikiliza ilikuwa lazima. Hata shuleni walikuwa wamesimamisha masomo.

"Imekwisha," akasema Waziri. Nadhani alikuwa amenisikia mimi nikisema hivyo kuhusu maini.

Filimbi ikalia. "Swali halikuhusu chakula, Mheshimiwa," akasema Bwana Mwinshehe. "Jibu halijatoka."

Waziri akacheka kidogo, akatazama wageni. "Ngoja nikaangalie jikoni," akasema, akaingia.

"Huku hayupo, Mheshimiwa," Bi. Saumu akamwambia. "Angekuwepo tungempa sahani."

Akauona mlango wa nyuma, akauendea mbio. Lakini nje ya mlango ule walikuwepo walinzi wake mwenyewe, wameambiwa mtu asitoke, na kilichotokea mlangoni kilikuwa aproni yenye mchuzi. "Mhudumu, rudi kazini," wakamwambia, wakamsukuma ndani. Akarudi ukumbini, amelowa jasho, vidole vinahangaika na ile kamba ya katani mgongoni.

Filimbi tena. "Aproni haivuliwi swali likiwa mezani."

"Wewe unajua mimi ni nani?" akafoka Waziri.

Filimbi ya tatu, maana aliyevaa aproni haulizi. "Nafahamu," akasema Bwana Mwinshehe. "Wewe ni mhudumu wa meza ya katikati."

Watu siku hizi wanasema Bwana Mwinshehe alikuwa shujaa. Si kweli, mimi namjua. Miaka yote alinipulizia filimbi ileile, kwa sura ileile, hata siku niliyokuwa na homa. Alikuwa anaipenda kanuni tu, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba sheria ina watu wake. Ilikuwa ni uzembe wa Wizara kumwacha mtu wa namna hiyo bila semina.

Mashavu hakupandisha sauti. "Nasubiri, Mheshimiwa," akasema. "Chai sijaigusa."

Waziri alitazama redio, akatazama wageni, akatazama filimbi. Akawa kama mtu aliyebanwa na kiatu. "Yuko shambani kwangu," akasema. "Kwenye vitunguu." Halafu akakumbuka cheo chake, akaongeza, "Anapumzika. Analima, ndiyo, lakini ni kilimo cha mapumziko."

Mashavu alifumba macho, akayafumbua. Akanywa chai yote, ya moto vile vile, akaweka kikombe.

Nilidhani imekwisha. Kumbe yule mzee aliyefundishwa kuuliza siri ya wali alikuwa amesimama, mkono juu. "Mimi niliagiza wali," akasema. "Mwanangu Zubeiri, mshona viatu, yuko wapi?"

"Nyanya," akasema Waziri.

"Mimi ni ndizi za nyama," akasema yule mama wa kutochoka. "Mume wangu, mwalimu Makungu?"

"Bamia."

Wakaendelea, meza kwa meza. Mpwa wa mtu, mchicha. Mke wa mtu, mwandishi wa gazeti, pilipili hoho. Wizara ilikuwa imewachagua wateja wale kwa uangalifu mkubwa, watu watulivu wasio na maneno, na haikufikiria ni kitu gani kilichowafanya wawe watulivu hivyo. Mkalimani aliwaeleza wageni wa nje kwamba Mheshimiwa anawafahamisha wateja kila mboga ilikotoka. Wageni walivutiwa sana na wakapiga makofi.

Mashavu akainuka, akatoka. Mzee wa wali akamfuata. Halafu ukumbi wote ukainuka, taratibu, bila kelele, viti vikirudishwa mahali pake, wakatoka mlangoni wakashika barabara ya kwenda mashambani. Nje kulikuwa na watu waliokuwa wamesikia redio, nao wakaingia kwenye msafara.

Waziri alibaki katikati ya ukumbi na trei. Akanigeukia mimi. "Wanakwenda wapi wale?"

"Mheshimiwa," nikamwambia, "hujaagiza."

*

Shamba la Waziri kila mtu analijua, ndilo lenye ukuta. Getini wapo askari wenye bunduki, lakini na wao ni raia wema wanaofuata sheria. Ili umzuie mtu lazima umuulize anakwenda wapi, na pale getini hapauzwi chakula. Mkubwa wao alifungua mdomo, akafikiria, akafunga. Watu wakapita. Wakaingia matutani, kila mmoja akamshika wake mkono, wakatoka nao walivyoingia. Mashavu alinisimulia kwamba Shomari aliendelea kupalilia hata baada ya kumwona, ikabidi amtoe jembe mkononi.

Serikali ilichukua hatua haraka. Viongozi wakakatazwa kuvaa aproni, kwa sababu za kiafya. Mheshimiwa Kipukuswa akahamishiwa Wizara ya Mboga, kwa uzoefu wake. Bwana Mwinshehe alipandishwa cheo, akapelekwa kukagua hoteli za kisiwa ambacho hakina hoteli, na nasikia anaandika taarifa nzuri. Kuhusu kuwarudisha waliotoka, wataalamu walishauri kwamba askari wangelazimika kupita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani anakaa wapi, na kila nyumba wangelazimika kwanza kuisajili kuwa hoteli, halafu kuagiza chakula. Hazina ikasema hilo haliwezekani. Wageni wa nje nao walituma ripoti yao, wakasema nchi yetu ina mboga nyingi na watu wachangamfu.

Ningeweza kuishia hapo, na Wizara ingependa niishie hapo. Lakini Shomari aliporudi hakuuliza kitu.

Alirudi amekonda, mikono inanuka vitunguu hata akioga. Hakumuuliza mama yake hali. Baiskeli yake ilikuwa imeuzwa, hakuulizia. Kule shambani, nilivyoelezwa, kazi ya asubuhi ilikuwa kulima na ya mchana ilikuwa kuzoea, na yeye alizoea vizuri. Mashavu akawa anamleta hotelini kila mchana, anamkalisha, anamwagizia mwenyewe ili haki yake iwe kamili. Meza zote zinauliza, wali una mchele, chumvi ni ya chumvi, na Shomari anatazama sahani. Ukimwambia, "Utakula nini?" anasema, "Chochote." Anakula, anashukuru, anaondoka na kichwa chake chini.

"Kwenye vitunguu nimemtoa," Mashavu aliniambia jikoni, "lakini naona yeye bado yuko kule." Akalia waziwazi, mikono ndani ya maji ya vyombo. Bi. Saumu alizima moto, akamshika mabega.

Mimi, ambaye maswali yalishanitoa nywele, nikaanza kumtega. Nilimpelekea supu na uma. Akainywa supu kwa uma, polepole, mpaka ikaisha. Nikampelekea chai kwenye sahani, chapati imefungwa fundo. Akalifungua fundo, akala. Siku nyingine nilimwekea sahani tupu, nikasimama pembeni nikijifanya nafuta meza. Aliitazama muda mrefu, akanawa mikono, akasema asante. Niliingia chooni nikakaa huko, maana sikutaka wateja wanione.

Siku yenyewe sikuwa nimefanya chochote. Nilikuwa nimechoka, nikampelekea samaki wa kukaanga kama wanavyopelekewa watu wote, na kipande cha limau. Ukumbi umejaa, kelele, mtu wa meza ya mlangoni ananiita nikamweleze kama kivuli cha feni kinalipiwa. Shomari akamgeuza yule samaki. Akamtazama jicho. Akamgeuza tena.

"Kaka Feruzi," akasema. Sauti ilikwaruza, ya mtu aliyekaa nayo bila kuitumia. "Huyu samaki alikuwa anajua kuogelea?"

Mashavu alikuwa nyuma yangu. Nilisikia anaweka trei yake chini, sakafuni kabisa. Nimehudumia watu wa kila aina na sijapata kuulizwa swali la kijinga kama lile. Yule wa mlangoni bado ananiita. Nilimwacha aite.

"Alikuwa anajua, mdogo wangu," nikamwambia. "Alikuwa anajua sana."

Akaitikia kwa kichwa, akaanza kumtoa miiba. Nikavuta kiti cha jirani, nikakaa na aproni yangu, nikawa namsubiri aulize jingine.